Rimu za Mzambia Hazirudi

Tupokigwe mwanangu,

Ugonile. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayonisumbua, na hayo unayajua. Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda Kyela mjini kujaza mafuta, kwa sababu ukiwa hapa huwezi kuniacha niseme mpaka mwisho. Unadakia. Barua haidakiwi. Nitaiweka kwenye begi lako chini ya vitenge, na utaisoma ukishafika Mbeya. Ukiifungua njiani nitajua tu.

Mwandiko uvumilie. Niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na kalamu naishika kama mwiko. Lakini sitaki mtu aniandikie. Nikimpa mtoto wa jirani aniandikie, kesho Ipyana yote itaijua barua yako kabla yako.

Sikuandikii habari za kula, za kuvaa wala za kufunga mlango. Kama miaka yote hii sikukufundisha hayo, karatasi haitaweza. Nakuandikia habari za gari. Baba yako mkubwa, Gwamaka, anazunguka kwa watu anasema nimeliharibu gari la marehemu, na kwamba kesho unaondoka na mali ya ukoo tuliyoivisha matairi ya kihuni. Atakupigia simu. Atakwambia ulirudishe, na anajua kusema kwa upole mpaka mtu ajione mwizi. Basi kabla ya kumsikia yeye, nisikie mimi.

Babu yako alikwenda migodini Zambia akiwa kijana. Wenzake waliokwenda huko walirudi na cherehani, wengine baiskeli, wengine kikohozi. Yeye alirudi na gari jekundu la Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane. Watu wakaliita Mzambia. Likinguruma kule njia panda, vikombe vilikuwa vinalia kwenye kabati langu. Sikufichi, nami nilivimba. Nilikaa mle ndani na kilemba changu, kioo nimekiteremsha, nikawa nasalimia hata watu tuliokuwa hatusalimiani.

Lakini lilikuwa chini. Tumbo lake na ardhi ulikuwa unaweza kupima kwa kiganja. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya lami ya watu wengine. Hapa kwetu masika ikishika, matairi ya watu yanachimba mifereji miwili, katikati panabaki tuta, na tuta hilo ndilo lililokuwa linamdaka Mzambia kwa tumbo. Anabaki amelala pale, matairi yanazunguka hewani kama chura aliyepinduliwa.

Unajua tulifanya nini? Tulilima barabara.

Usicheke. Mimi na wakwe zangu, wanawake wa nyumba nzima, kila masika tulitoka na majembe tukalima lile tuta la katikati, toka uani mpaka barabara kuu, tukalisawazisha ili gari la mzee lipite. Mpunga wetu unazidiwa na majani, sisi tunapalilia njia. Babu yako amesimama kibarazani, ananyoosha fimbo: "Pale bado. Na pale."

Mzee Omari, huyo huyo aliyekuja kukufundisha kazi gerejini kwake, alimwambia mapema kabisa. Alikuja kununua mchele, akalikuta gari limekwama. Akachutama, akachungulia chini. "Mzee, hili litafutie rimu kubwa na tairi kubwa, liinuke. Utapita masika yote bila kumsumbua mtu."

Babu yako akamjibu, "Na wewe Omari, ukivaa kanzu yako na mabuti ya shambani utapendeza?"

Watu wakacheka. Mzee Omari mwenyewe akacheka. Nami nilicheka, jembe likiwa mkononi, matope yamenifika magotini. Kicheko kile nimekikumbuka kuliko vilio vingi nilivyolia.

Sasa nakuja kwa mama yako. Najua umesikia kwa watu. Kwangu hujasikia.

Heshima ya mkwe unaijua kwa hadithi tu, maana ninyi mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnatazama luninga. Nyumba yetu ilikuwa bado inaishika. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akimsikia anakohoa huku, yeye anapita kule. Jina lake halitamki. Mama yako Subira alikuja kwetu binti mdogo kutoka Busale, na heshima ile aliiweza kama kucheza. Alikuwa anajua babu yako yuko wapi kwa mlio wa fimbo yake, akaingia migombani kabla hajatokea. Miaka yote aliyokaa kwetu, babu yako hakuujua uso wake. Alikuwa anamsifu kwa ugali wake.

Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha ile ya kwetu, ile isiyoacha nafasi ya kuvuta pumzi. Baba yako alikuwa Tunduma kwenye biashara zake, huko huko alikokuja kubaki na mke mwingine. Niliona damu nikajua hili si la kungojea nyumbani. Nikasema tumpeleke hospitali na Mzambia. Mama yako, katikati ya uchungu, akaniambia, "Mama, baba ndiye anayeendesha. Mimi humo siingii."

Sikubishana naye. Niliendesha mimi. Nilikuwa nimejifunza kwa kumtazama babu yako, na mara chache alikuwa ananiachia nilirudishe nyuma pale uani tukitaka kuanika mpunga. Nikatandika kitenge kiti cha nyuma, nikamlaza, nikashika usukani. Babu yako akatoka nyumbani kwa mlango mwingine, akatufuata kwa mguu, mbali, kwenye mvua.

Tukakwama pale penye kona ya mkuyu uliokatwa. Wiki ile tulikuwa bado hatujalima. Lile tuta likatudaka tumbo sawasawa, nikakanyaga mafuta, gari likalia tu. Watu walikuwa wamejifungia kwa mvua. Babu yako akafika, akasimama ndani ya mpunga, mgongo ametupa sisi, uso ameuelekeza ziwani, anapiga kelele: "Mama Gwamaka! Tia rivasi! Sasa mbele! Kata kulia!" Mimi namjibu, "Kulia wapi na halishuki!" Mama yako nyuma ameng'ata kitenge ili baba mkwe asisikie sauti yake.

Tulikaa vile kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu nikasikia gari linatikisika. Nikageuka. Babu yako amevua koti lake, amejifunika kichwa kizima, amelifunga shingoni kwa mikono ya koti, anasukuma bila kuona. Anapapasa bodi kama kipofu anayetafuta mlango. Matairi yanamrushia matope, anaanguka, anapapasa tena, anasukuma. Mpaka likatoka.

Ulizaliwa kwenye kiti kile cha nyuma, kabla hatujaliona geti la hospitali. Mama yako alikushika. Alikutazama vizuri, akasema una paji la uso la Busale. Damu ilikuwa imeshamwagika njiani, na kesho yake tukarudi na wewe, na yeye tukarudi naye kwa namna nyingine. Jina lako nilikupa mimi, Tupokigwe, maana yake tumeokolewa, wengi si mmoja. Wewe ulikuwa umeokolewa, na sikutaka mtu yeyote asahau kwamba kulikuwa na mwingine.

Watu wengi wamesema heshima ya mkwe ndiyo iliyomwua. Wasomi wa hapa wanapenda sana kusema hivyo, wanatikisa vichwa. Mimi nakataa. Heshima tuliizunguka: niliendesha mimi, mzee akafunga koti, na mama yako akaondoka duniani bila kuvunja neno lake hata moja. Kilichotushinda ni tumbo la gari na kona ile. Kiganja kimoja cha nafasi. Fundi alishatwambia nafasi hiyo inapatikana wapi, na sisi tukacheka.

Baada ya msiba wazee walikuja kukaa uani kwangu wajadili kama babu yako alimwona mkwe wake au hakumwona, na kama anatakiwa kusafishwa. Niliwatokea na ufagio. Nikawaambia, "Amemsukuma, hajamwona. Chai imekwisha. Nendeni."

Babu yako hakuliendesha tena lile gari. Alilijengea banda, kila Jumamosi analifuta, analiwasha, linanguruma, analizima. Habari za tairi hakuna aliyethubutu kuzigusa, hata mimi. Lakini toka siku ile barabara sikuilima tena. Jembe nililitupa mbele yake, akalitazama, akaingia ndani. Wakwe wengine nao wakatupa yao. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kulima barabara Ipyana.

Alipokufa, na wewe umeshakuwa fundi unayenuka oili hata kanisani, mimi ndiye niliyesema Mzambia avishwe matairi makubwa. Sema ukweli, ulishangaa. Ulidhani bibi amechanganyikiwa na msiba.

Na ulivyoanza kunibishia! Uliniletea picha kwenye simu, rimu kubwa zinang'aa kama sufuria za harusi, tairi lake jembamba kama ukanda. "Bibi, za kisasa ndizo hizi." Nikakuuliza, "Hizo zinapita wapi?" Ukasema zinapendeza. Nikakuacha, maana nakujua, wewe mpaka uumie ndipo usikie. Ukatafuta rimu, za kwanza tundu sita wakati gari letu ni tundu tano, ukarudisha. Za pili tundu tano lakini hazikukaa kwenye stadi, zile boliti zinazoshika rimu, nafasi ya kati ya tundu si ile. Kijana mmoja pale gerejini akataka kuzikaza hivyo hivyo kwa nguvu. Hapo nilikusifu kimoyomoyo, kwa sababu ulimpokonya spana. Za tatu zikakaa. Ukafunga tairi zako za ukanda, tukaenda Lyulilo kwa mbwembwe kununua vyungu vya Wakisi.

Kwenda tulikwenda. Kurudi, kila jiwe lilikuja mpaka kwenye meno yangu. Hatukufika mbali, tukafungua buti. Vyungu vimekuwa kokoto. Nikakwambia tugeuze, tukanunue vingine. Yule mama wa vyungu alipotuona tena akashika kiuno. "Bibi, umekuja kununua vyungu au vigae? Kama ni vigae nikuokotee bure, viko vingi nyuma ya nyumba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulinuna mpaka Ipyana. Lakini wiki iliyofuata uliweka tairi zenye shavu nene, za kula matope, na tulipokwenda tena hakuna chungu kilichopata hata ufa. Mama wa vyungu nilimpelekea salamu.

Ndipo likaja la madigadi, yale mabati yanayofunika tairi. Tairi nene likawa linasaga ukingo kila ukikata kona na mzigo, mpaka moshi wa mpira ukaingia ndani. Ukasema dawa ni kukata ukingo kwa grinda. Ulikuwa umeshalishika grinda, lakini hujaliwasha, kwa sababu baba yako mkubwa alikuwa amesimama pale anasema, "Mama, hiyo bodi ni kumbukumbu ya baba. Mtoto huyu asiiguse."

Nilitoka kwenye kigoda changu, nikaweka kidole kwenye bati, nikachora mstari kwa masizi ya sufuria. Nikasema, "Kata hapa."

"Mama!"

"Gwamaka, baba yako ndiye aliyesukuma gari hili amefunga koti kichwani. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa ndani, mvua inanyesha. Tupokigwe, kata."

Ukakata. Cheche zikaruka, yeye akaruka nyuma. Mstari ule haukunyooka vizuri, na nimekukataza kuuziba kwa rangi. Uache uonekane.

Sasa tazama alichokifanya. Amepata mnunuzi, mtu wa mjini anayekusanya magari ya zamani. Mtu huyo amesema analitaka, madigadi atayaziba, lakini lazima liwe na rimu zake lilizotoka nazo kiwandani. Bila rimu zake, anasema, ni bati tu. Gwamaka amekuja jana, wewe uko gerejini, amekaa hapa nilipokaa. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama, turudishe tu zile rimu za baba. Tupokigwe atapanda basi kama watu. Msichana na gari la namna ile ataonekanaje?"

Nikamwambia, "Ataonekana anapita."

Akaniuliza rimu ziko wapi. Hapo ndipo nilipofurahi, mwanangu, furaha ambayo mzee hastahili kuwa nayo. Maana siku ile ile mliyozifungua, nilizigawa. Sikukwambia, kwa kuwa ungenizuia. Moja iko kwa akina mama wa mazishi, wamekata tundu ubavuni limekuwa jiko la sufuria kubwa. Moja iko shuleni, ndiyo kengele inayowatoa watoto darasani. Moja imeshika kutu nikampa mtu wa chuma chakavu. Na ile nzuri kuliko zote, ile ya mbele kushoto, iliyokuwa upande wangu nikikaa na kilemba, iko kanisani. Wameining'iniza kwenye nguzo karibu na barabara, wanaigonga kwa nondo Jumapili asubuhi. Sauti yake umeisikia miezi yote hii, hukujua ni Mzambia anayekuita.

Gwamaka akasimama. "Mama, umegawa mali ya baba!"

"Nimegawa. Kama inakuuma nenda kaifungue kanisani, lakini subiri ibada iishe."

Amekwenda kwa mzee wa kanisa, nimesikia. Mzee wa kanisa amemwambia rimu imeshaombewa. Nikicheka nitaharibu barua.

Kwa hiyo akikupigia simu, mwambie tu hakuna cha kurudisha. Rimu zimeshapata kazi nyingine. Gari ni lako, nimelisema mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, na aliyenuna amenuna.

Unakwenda kufanya kazi gereji ya watu, wanaume watupu, umesema mwenyewe. Watakwambia, dada, wewe shika karatasi, sisi tutashika spana. Watakwambia punguza sauti, inama kidogo, hapa kwetu ndivyo tulivyozoea. Watalisema kwa uzuri, na wewe utataka kupendwa, kwa sababu ni mgeni. Mimi nilitaka kupendwa. Nilikuwa mke wa mwenye Mzambia. Ndiyo maana nililima barabara miaka yote ile bila kuuliza kwa nini gari haliinuki, na kila mtu alinisifu kwa jembe langu. Sikuombi unihurumie. Nimelipa, nimekulea, tumemaliza. Ninachotaka ni kwamba wewe mikono hiyo usiilimie barabara ya mtu yeyote. Kama kitu chake hakipiti, akiinue.

Na si kila kinachong'aa kwenye simu ni cha kisasa. Vyungu vyangu unavikumbuka.

Gari lenyewe unalijua kuliko mimi, lakini hili nalisema. Ile saa ya mwendo inakudanganya tangu tulipoweka matairi makubwa. Ikisema sitini, wewe umeshapita sitini. Usiiamini, amini miti inavyopita. Kupanda kwenda Tukuyu litakuwa zito kuanza, usilidharau, lipe gia ndogo. Na ukianza kushuka kwenda Uyole, breki ulizobadilisha ni nzuri, lakini matairi yamekuwa mazito, shuka kwa gia. Nimesema nisiandike maagizo, nimeandika. Basi.

Kesho asubuhi usinitafute uani. Sitakuja kuegemea dirisha la gari nikilia mbele ya Gwamaka, hiyo raha simpi. Ndizi, mchele na chungu kimoja cha Lyulilo vitakuwa kwenye buti. Agana na watu, washa, ondoka.

Lakini barua hii utaisoma Mbeya, kwa hiyo wakati unaisoma utakuwa umeshajua nilikuwa wapi. Nimeongea na mzee wa kanisa, amenikubalia, ameniachia nondo. Ukipita kona ya mkuyu uliokatwa, pale tulipokwama, unaliona kanisa. Nitakuwa nimesimama chini ya rimu ile. Si Jumapili, watu watashangaa, na washangae. Nitaigonga kwa nguvu zangu zote mpaka upite.

Najua hutasimama. Nimekufundisha pale hatusimami. Ila ninakujua pia, mwanangu, na nina hakika utakanyaga mafuta kunijibu, na vikombe kabatini kwangu vitalia.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kukaa nami miaka yote hii.

Mimi niliyekushika kwanza,
Bibi yako